Upepo wa Mgongoni

Walioanza ni nyigu. Nasema hivyo kwa sababu watu wa hapa wakisimulia habari ya ndugu yangu Gaspari huanza na Mungu, na mimi sitaki kumsingizia Mungu kazi ya wadudu.

Ndege yenyewe ilikuwa kuukuu. Bwana Manoli, Mgiriki mwenye shamba la mkonge kati ya Zinga na Kaole, aliinunua jeshini vita vya Hitla vilipokwisha, na hata siku anainunua ilikuwa imeshachoka. Mabawa juu na chini, mbao na vitambaa, nyaya huku na huku, na matundu mawili ya kukalia yasiyo na paa, moja mbele ya jingine. Rubani alikaa nyuma. Abiria alikaa mbele, karibu na injini, kwa hiyo likitokea la kutokea yeye ndiye anayefika chini kwanza.

Gaspari alikuwa fundi wake. Ufundi aliupata katika karakana ya misheni Bagamoyo, na hapo misheni ndipo tulipozaliwa sote wawili. Babu na bibi zetu walikombolewa utumwani na mapadri wakiwa watoto wadogo, hawajui walikotoka wala lugha waliyolilia. Ndiyo maana sisi watoto wa misheni ukituuliza ukoo tunakutajia jina la mtakatifu. Wazazi wetu walichukuliwa na homa, mama kwanza, baba akafuata, nikabaki na Gaspari, naye akabaki nami. Mimi nilifua na kupiga pasi nyumbani kwa Manoli, yeye akafungua na kufunga injini. Jamaa yote ilikuwa hiyo: dada mmoja na ndugu mmoja.

Manoli alikuwa na sheria yake moja. Anayetengeneza ndiye anayepanda kwanza. Ndege ikitoka matengenezoni, iwe imebadilishwa gurudumu au skrubu moja tu, fundi alikaa tundu la mbele wakaenda kuijaribu pamoja.

"Fundi akijua atapanda," alikuwa akisema kwa Kiswahili chake cha kukoroma, "hasahau kukaza."

Nilimchukia kwa sheria ile, na nilimwambia Gaspari mara nyingi. Yeye aliipenda. Angekaza skrubu usiku na mchana ili apandishwe juu aione misheni ikiwa ndogo kama kiberiti. Nilikuwa nikisimama kwenye kamba za nguo, kibanio mdomoni, nikisikiliza mpaka injini irudi. Ikirudi ndipo nilipoanza kupumua na kuanika.

Sasa nyigu. Chini ya bawa palikuwa na mrija mwembamba wa shaba, mdomo wazi, umeelekea mbele. Upepo ukiingia humo husukuma mshale wa saa iliyo mbele ya rubani, na saa inamwambia anakata hewa kwa mwendo gani. Jambo hili Gaspari alinieleza tukila, mpaka nikalijua kama sala. Ndege haianguki kwa kuwa iko juu, alisema, huanguka kwa kuwa inakwenda polepole. Mwendo ukipungua kupita kiasi mabawa hayashiki tena, na hapo hata rubani akiwa malaika hasaidii kitu.

Manoli ujanani hakuhitaji saa. Alisikiliza nyaya: zikiimba, mwendo upo, zikianza kunyamaza, ongeza moto. Lakini masikio yake yalikwisha kuliwa na injini. Jikoni tulikuwa tukimpigia ukelele wa mwizi kumwambia chai tayari. Mtu wa namna hiyo akiwa angani ana macho tu, na macho yake yalikuwa kwenye ile saa.

Nyigu wajengao vyumba vya udongo waliuona ule mrija wakaona wamepata nyumba isiyo na kodi. Nilishona kifuko cha kanga nyekundu wauvishe. Manoli akacheka, akasema ndege yake haivai kanga. Haya. Nyigu wakaingia, wakaweka udongo wao na mayai yao, wakaziba. Na badala ya kumwachia fundi, mzee mzima akauinamia mrija mbele ya kila mtu, akaweka mdomo akapuliza kwa nguvu zake zote. Udongo haukutoka, ila pumzi ilipenya. Ndani ya saa kitu kikalia "tak", na mshale ukalala usiinuke tena.

Saa nyingine ilikuwa Ulaya, na meli ni meli. Manoli alikuwa amekwisha kujigamba kwa Wagiriki wenzake wa Tanga kwamba atawafikia kwa ndege kabla ya masika, na alikuwa radhi kufa kuliko kuonekana anashuka kwenye lori. Akakumbuka kuwa ndege alizojifunzia zamani hazikuwa na mrija wala saa. Zilikuwa na kibati.

"Ni kitu chepesi, dada," Gaspari aliniambia. Akachukua sahani ya bati, akaitoa nje ya dirisha, akaishika kwa ncha za vidole. Upepo ukaisukuma. "Unaona? Upepo ukizidi inalala nyuma, ukipungua inasimama. Nakifunga kwenye mhimili wa bawa, nyuma yake naweka springi, kando yake ubao wenye mistari. Manoli anatupa jicho pembeni, anasoma."

"Na mistari anaichora nani?"

"Mimi."

"Unaichora kwa kukisia?"

Akacheka. "Kwa lori."

Kibati alikikata kwenye debe la mafuta ya taa. Springi aliitoa kwenye gramafoni mbovu ya Manoli. Akakipiga msasa, akakitia rangi nyeupe, na ukikiona ungesema kimeletwa kwa meli. Kilichobaki ni mstari mmoja, mwekundu. Kibati kikiwa nyuma ya mstari, ndege ina mwendo wa kutosha. Kikisogea mbele ya mstari, ndege inaanguka. Uhai wa watu wawili ulikuwa juu ya mstari mmoja wa rangi, na mmoja wao alikuwa ndugu yangu.

Mpango wao ulikuwa huu. Lori la shamba lilikuwa na saa nzuri ya mwendo. Wangefunga kibati kwenye mti uliochomoza mbele ya lori, dereva akimbize mpaka maili arobaini na tano, Gaspari aliyekaa juu ya boneti aweke alama pale kibati kilipolala. Kisha wageuze, warudi njia ile ile kwa mwendo ule ule, aweke alama ya pili. Mstari mwekundu ungekuwa katikati ya alama mbili. Kwenda na kurudi, alinieleza, kwa sababu ya upepo.

Dereva alikuwa Mzee Kibwana, mtu wa Kaole, mtaratibu, hajawahi kuua hata kuku wa mtu barabarani. Walichagua njia iliyonyooka katikati ya mkonge mchanga, kuanzia upande wa Kaole kuelekea Zinga. Waliondoka baada ya chakula cha mchana. Ilikuwa majira ya kaskazi.

Gaspari alirudi jua limezama, kanzu ya kazi imejaa vumbi, anasugua bega.

"Umeanguka?" nikamuuliza.

"Hapana. Tulikutana na maiti."

"Maiti gani?"

"Bibi mmoja, Bimdogo jina lake. Kafia kwa mwanawe Zinga, wanampeleka kumzika kwao Kaole. Tulikuwa ndiyo kwanza tumegeuza lori. Mzee Kibwana akazima, akashuka. Nami nikashuka."

"Wewe si Mwislamu."

"Yeye ni maiti, dada. Mtu anapitishwa mbele yako, wewe umekaa juu ya boneti na brashi ya rangi mkononi?"

Nilijua atashuka. Pwani hii ukikutana na jeneza huliachi lipite hivi hivi, unaingia chini yake walau hatua chache, mwenzako akupokee. Lakini Gaspari hakujua hatua chache. Alilibeba, akapokelewa, akalirudia, akaenda nalo mpaka makaburini, akasubiri mpaka udongo wa mwisho. Walipolifikia tena lori lao jua lilikuwa limeshuka kwenye minazi, na kibati hakisomeki gizani.

"Kwa hiyo hamkurudi," nikasema.

"Alama moja tunayo."

"Si ulisema kwenda na kurudi?"

"Kwa sababu ya upepo. Na upepo haukuwapo, dada. Nilikuwa juu ya boneti, nisingeusikia? Palikuwa shwari kabisa. Ningetaka kurudia kesho, lakini lori kesho linakwenda Dar es Salaam na kamba za mkonge, na Manoli anataka kuruka asubuhi."

"Mwambie asubiri."

"Nimemwambia. Kasema ndege ni yake na mstari ni mstari."

"Basi usipande wewe."

Akanitazama kama nimesema asile. "Nimekitengeneza mimi, apande nani?"

Nikampaka mafuta ya nazi begani. Ngozi ilikuwa imechubuka pale ubao wa jeneza ulipokaa. Nilinung'unika kwamba anabeba watu asiowajua na kesho atashindwa kuinua nyundo, naye akalala huku bado nanung'unika.

Asubuhi palikuwa kimya, hata jani la mwembe halikutikisika. Walipaa vizuri. Nilikuwa kwenye kamba, kibanio mdomoni kama kawaida, nikaiona ikipita juu ya nyumba, na mkono ukatoka tundu la mbele ukanipungia. Walizunguka upande wa bahari, wakarudi. Manoli akapunguza moto ili ashuke. Aliniambia mwenyewe baadaye, akiwa kitandani na miguu yake imefungwa mbao, kwamba hakuondoa macho kwenye kibati hata mara moja. Kibati kilikuwa nyuma ya mstari. Mpaka dakika ya mwisho kilikuwa nyuma ya mstari.

Ndege iliangukia mwanzo wa uwanja, penye mkonge. Haikupiga kishindo kikubwa, ilikuwa sauti ya kabati kuangushwa. Nilikimbia na kibanio mdomoni. Manoli alikuwa anapiga kelele kwa Kigiriki. Gaspari hakuwa anapiga kelele.

Hayo ya pale mkongeni nitayaacha.

Tulimzika misheni siku ya pili. Usiku ule wa kwanza nililia jambo moja la kipumbavu, na nalisema kwa kuwa lilikuwa kweli: niliogopa jeneza litakosa wabebaji. Watu wa misheni tulikuwa wachache, vijana wameshahamia mjini kwenye kazi za bandari. Niliwahesabu wanaume kichwani, mmoja mzee, mmoja ana henia, mwalimu Kasian ana pumu. Nikawaza, ndugu yangu atapelekwa kaburini kwa mkokoteni, maana hatuna ukoo.

Nilipotoka kanisani nyuma ya jeneza, sikuelewa nikionacho. Uwanja ulikuwa mweupe kwa kanzu. Walikuwa wamesimama nje, kofia kichwani, hawakuingia ndani lakini hawakukaa mbali, na walikuwa wengi kuliko niliowahi kuona pale hata Pasaka. Watu wa Kaole. Watu wa Zinga pia. Wanawake wao walikuwa upande wa pili wamejitanda kanga. Mtu mmoja akasogea akasema, "Tuwapokeeni," na jeneza likatoka mikononi mwa Kasian aliyekuwa anahema, likapanda juu ya mabega yao, likaanza kwenda mbio kama wanavyokwenda wao. Padri ilimbidi atembee kwa haraka asiachwe.

Nikamuuliza Gertruda, mwenzangu wa misheni aliyenishika mkono, "Hawa ni nani wake?" Hakujua.

Upepo wa kaskazi ulikuwa umerudi. Shuka jeupe lenye msalaba mweusi tuliloweka juu ya jeneza lilianza kuruka, pembe moja ikafunuka, na Mzee Kibwana aliyekuwa anatembea kando akanyoosha mkono akalikandamiza. Akaenda hivyo hatua kadhaa, kiganja juu ya shuka. Halafu akasimama. Alisimama katikati ya njia, mkono uko hewani, jeneza likamponyoka likaenda bila yeye, na waliokuwa nyuma wakamgonga wakampita. Mimi nilipomfikia alikuwa bado anautazama ule mkono.

"Mzee Kibwana, unaumwa?"

Alinifuata mpaka kaburini, akatupa udongo wake, lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyesikia jambo wengine hawajalisikia.

Alikuja jioni nyumbani, watu bado wamejaa uani. Nilimwamkia.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu." Akakaa kwenye kigoda, akavua kofia, akaishika magotini. "Nina neno, na sijui kama ni la kumwambia mfiwa."

"Sema."

"Siku ile ya Bimdogo. Tulipokuwa tumebeba, shuka la jeneza lilikuwa linaruka. La kijani. Nililishika kwa mkono huu njia nzima mpaka Kaole, lisimfunue marehemu."

Nikasogea karibu naye.

"Palikuwa na upepo, Skolastika. Mwingi. Tulipokuwa tunakwenda na lori ulikuwa mgongoni kwetu, unakimbia nasi, kwa hiyo hatukuusikia. Gaspari juu ya boneti aliona shwari. Na mkonge nao hautikisiki, ungekuwa mnazi ungetuambia. Lori linakwenda arobaini na tano, lakini kibati hakipigwi na arobaini na tano. Kinapigwa na kidogo, kwa sababu upepo wenyewe unakwenda pamoja nasi. Tukapiga mstari hapo, ndege ikaenda polepole na kibati bado kikasema salama." Akaizungusha kofia magotini. "Tungerudi, upepo ungetupiga usoni, tungejua. Tungerudi mara moja tu. Lakini tulishuka. Na tulipoanza kurudi kwa miguu, upepo unatupiga usoni kweli kweli, nimeshika shuka kwa mkono wangu, na sikuwaza kibati. Wala yeye hakuwaza. Nani anawaza kibati chini ya jeneza?"

Nilihisi hasira ikipanda kutoka miguuni. Mimi ni mfua nguo. Siku ile kaskazi ilinipokonya foronya mbili ikazipeleka mpaka kwenye mikorosho. Mtu angeniuliza tu, Skola, leo kuna upepo? Hakuna mtu humuuliza dobi habari za ndege. Nilimchukia Manoli na sheria yake na Wagiriki wake wa Tanga. Nikamchukia Bimdogo aliyechagua siku ile kufa, na waliomchukulia njia ile, na huyu mzee mbele yangu na breki yake. Lori lingepita. Vumbi lingewapata wafiwa, wangelaani, na ndugu yangu angekuwa hai analaaniwa.

"Kwa nini hukumwambia abaki?" nikamwambia, na nilisema kwa sauti mpaka wengine uani wakageuka. "Wewe ni dini yako. Yeye kilimpeleka nini?"

"Nilimwambia." Mzee Kibwana alikuwa analia bila kujificha. "Nilimwambia, baba, wewe si lazima, baki na lori, mimi nibebe hatua chache nirudi tumalize kazi. Akaweka brashi chini. Akaniambia, 'Mzee, sisi wa misheni hatuna ukoo. Mtu asiye na ukoo huzikwa na aliowazika.'"

Nilitazama ua. Walikuwa wamekaa kwenye mikeka mpaka nje ya uzio, wanaume huku, wanawake kule, watu ambao hata mmoja wao sikumjua jina, na hata mmoja hakuwa ameondoka. Mwanamke mmoja mwenye rika langu, kanga ya kufiwa bado mpya mwilini, alikuwa ameshachukua birika langu kubwa jikoni anapita akiwamiminia wenzake. Alipofika kwetu akachuchumaa.

"Pole, dada," akasema. "Mimi naitwa Adija. Ndugu yako alimbeba mama yangu."

Alinyoosha kikombe. Mikono yangu ilikuwa magotini, nayo haikutaka kutoka. Alingoja. Hakuondoa kikombe, wala hakunihimiza, chai inapoa, Mzee Kibwana anafuta macho kwa kofia yake.

Nikakipokea. Nikasogea kwenye mkeka nikampa nafasi, akakaa.